Jagi la buluu lisilo na muhuri: anza na kitako

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Derby, Uingereza. Katika soko la Jumapili la vitu vya kale nimeona jagi la udongo, urefu wake kama sentimita 18, lina picha za Kichina kwa rangi ya buluu: majumba mawili ya mapaa yaliyopinda, daraja, na watu wawili juu yake. Chini halina muhuri wowote wa kiwanda. Penye mshikio pana ufa. Muuzaji asema ni la mwaka 1790 na ataka paundi 85. Mume wangu asema ni ule mchoro wa buluu uitwao Willow, wa kawaida tu, bibi yake alikuwa nao kabati zima. Nami nilipoliona nilikumbuka vyombo vya zidakani, vile vishubaka vya ukutani, kwa nyanya yangu Lamu. Je, ni la Kichina au la Kiingereza? Ni la kale kweli? Na nikitaka kukusanya majagi ya namna hii nianzie wapi? Nimekuwekea picha nne.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Jagi hilo ni la Kiingereza. Ni la udongo, si la kauri halisi. Kwa picha ulizonitumia, naliweka kati ya 1785 na 1810. Mwaka 1790 umo humo ndani, ila muuzaji hana njia ya kuujua, kwa sababu hakuna kitu juu ya jagi hilo kinachotaja mwaka mmoja peke yake. Na mumeo, kwa heshima zote, hapo hajapata. Ukoo ni mmoja na Willow, lakini mchoro ni mwingine.

Katika picha zako nne, tatu ni za mapambo ya Kichina na moja ni ya kitako. Mimi nimekaa zaidi na hiyo moja. Wanaoanza kukusanya vyombo hivi huupenda mchoro, wakaukariri, wakautafuta vitabuni, na wakiupata hudhani wamempata na mfinyanzi. Kumbe mchoro ndio shahidi dhaifu kuliko wote. Viwanda vya Staffordshire, jimbo la wafinyanzi la Uingereza, vilisongamana katika miji sita iliyoshikana, Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, na kila mmoja alijua kinachouzika kwa jirani. Mchoro ukipata soko kwa huyu, baada ya muda mfupi unaukuta kwa watu kumi. Walikuwepo wachongaji waliojitegemea, wakichonga mabamba ya shaba ya kuchapia michoro na kumuuzia yeyote mwenye pesa. Kiwanda kikifilisika, mabamba yake yalipigwa mnada pamoja na meza na viti, yakaenda kuchapa kwa bwana mwingine. Ulinzi wa maana kwa michoro iliyosajiliwa ulikuja na sheria ya 1842, wakati huo jagi lako likiwa tayari lina umri wa mtu mzima.

Isitoshe, mchoro wenyewe haukutoka China ukiwa umekamilika. Mchongaji wa Staffordshire hakuwahi kuuona mto wa China. Alikuwa na sahani ya Kichina mbele yake mezani, akachukua jumba hapa, daraja pale, mashua kule, akajaza nafasi iliyobaki kwa miti aliyoibuni mwenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia ametambua kiwanda kwa kutazama pagoda, mwulize ametazama nini kingine.

Sasa kitako. Itazame tena picha yako ya nne, pale duara la kitako linapokutana na sakafu ya chini ya jagi. Katika kona ile utando wa kioo, ile ngozi inayong'aa juu ya udongo, umejikusanya, na ulipojikusanya una rangi ya buluu iliyopauka, kama ya kijivu kidogo. Rudi sokoni ukatazame na pale mshikio unapoungana na tumbo, upande wa chini, utaiona buluu hiyohiyo. Huo ndio ushahidi niliouegemea. Udongo wenyewe wa jagi hilo una umanjano wa malai. Mfinyanzi alitia chembe za kobalti, madini yatoayo buluu, ndani ya utando ili jicho lione weupe, kama mama zetu walivyotia buluu ya kufulia katika maji ya mwisho ya kusuuzia kanzu. Juu ya tumbo, penye utando mwembamba, huoni buluu yoyote, waona weupe tu. Penye kona, unene unaumbua siri.

Mfinyanzi Josiah Wedgwood alikuwa ameshapata umaarufu kwa vyombo vyake vya rangi ya malai, ambavyo tangu 1765 aliviita Queen's Ware baada ya kumpendeza Malkia Charlotte. Lakini watu waliotaka kauri ya China walitaka weupe wenye ubaridi, na malai ina joto. Wafinyanzi wengine wa Staffordshire walianza kutengeneza vyombo vyenye utando wa kibuluu tangu kama 1775, na Wedgwood akatoa vyake mwaka 1779 kwa jina la Pearl White. Leo wakusanyaji wanaviita vyote udongo wa lulu. Kwa hiyo kitakoni, ukikuta umanjano au ukijani uliojikusanya, uko kwenye malai. Ukikuta buluu, uko kwenye lulu. Usipokuta rangi yoyote na udongo wenyewe ni mweupe kama chokaa, mara nyingi umeshavuka miaka ya 1830. Mipaka hiyo haikukatwa kwa kisu, viwanda viliendelea na mapishi ya zamani kadiri wateja walivyoyataka, lakini itakufaa mara nyingi kuliko muhuri.

Kwa nini walihangaika hivyo kuigiza China? Chai. Mwaka 1784 Bunge la Uingereza lilishusha ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5, na kinywaji kilichokuwa cha wenye nacho kikaingia jikoni kwa fundi na mkulima. Chai ilihitaji vyombo, na sura ya vyombo vya chai akilini mwa watu ilikuwa ni ya buluu na nyeupe ya Kichina. Kisha mwaka 1791 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ikaacha kuagiza kauri za China kwa wingi. Familia zilizokuwa na seti za Kichina zikivunja sahani mbili, kijazio wakipate wapi? Josiah Spode wa Stoke alikuwa hapo na jibu. Yeye ndiye anayesifiwa kuikamilisha, kama mwaka 1784, kazi ya kuchapa buluu chini ya utando juu ya vyombo vya udongo, na inasemekana aliwavuta kwake mchongaji na mchapaji kutoka kiwanda cha Caughley, Shropshire, ambacho tayari kilikuwa kikichapa buluu juu ya kauri. Mkaa wa mawe ulikuwepo Staffordshire kwenyewe. Udongo mweupe ulitoka Devon na Dorset, na mfereji wa Trent na Mersey uliofunguliwa wote mwaka 1777 ukaleta malighafi na kuondoa vyombo bila kuvivunjavunja juu ya migongo ya farasi.

Nije kwenye jambo linalonifanya niwapende wakusanyaji wa majagi kuliko wakusanyaji wa sahani. Sahani ni bapa na bamba la shaba ni bapa. Vinakutana bila ugomvi. Jagi lina tumbo linalopinda huku na huku, lina shingo inayobana, lina mdomo uliochomoza na mshikio unaokatiza njia. Karatasi haipendi kuvikwa umbo hilo. Kila jagi la kale lililochapwa ni mabishano kati ya karatasi na tumbo, na ukijua kuyasoma utaburudika jioni nzima na chombo kimoja.

Kazi ilikwenda hivi. Bamba la shaba lililochongwa liliwekwa juu ya jiko likapata moto. Rangi ya kobalti iliyochanganywa na mafuta yaliyochemshwa hadi yakawa mazito ilisuguliwa ndani ya mistari, ya juu ikapanguswa. Karatasi ya shashi iliyopakwa maji ya sabuni ikalazwa juu ya bamba, vikapita pamoja kwenye mashine ya kukandamiza, karatasi ikabanduliwa na picha. Hapo ilikabidhiwa kwa wanawake. Msichana alikata kwa mkasi, mwanamke mwenye uzoefu akaibandika juu ya jagi lililochomwa mara moja tu, ambalo bado lilikuwa likifyonza, kisha ikasuguliwa kwa brashi ngumu mpaka rangi ikakamata. Jagi likatiwa majini, karatasi ikaelea, picha ikabaki. Likapitishwa kwenye moto wa wastani ili mafuta yaungue, likachovywa kwenye utando, likachomwa tena. Ndiyo maana ukipitisha kidole juu ya picha husikii kitu: imelala chini ya kioo.

Sasa chukua lenzi ya kukuzia uitazame picha yako ya tatu, ile uliyoipiga kutoka juu. Ndani ya shingo pana ukanda wa mapambo, miraba midogo na vipepeo. Ufuate mpaka nyuma, karibu na mshikio. Kipepeo mmoja ana bawa moja. La pili limemezwa na miraba, kwa sababu ukanda uliokatwa ulizidi kidogo na mwanamke yule akaupandisha juu ya mwanzo wake, akasugua, akashika jagi lingine. Alilipwa kwa idadi ya vyombo. Kipepeo hakuwa na haja ya kuruka. Teremka tumboni: mandhari kuu imebandikwa mara mbili, upande wa kulia na wa kushoto, na chini ya mdomo pamebaki uwazi ambao umezibwa kwa kitawi kilichokatwa kutoka pembeni mwa karatasi ileile. Na penye anga, juu ya jumba, pana mstari mweupe mwembamba unaokwenda mshazari. Huo ni mkunjo. Karatasi ilijikunja tumboni, na ilipojikunja rangi haikugusa udongo. Mtu asiyejua angeudhani ni ufa. Mimi ningelipa zaidi kidogo kwa ajili yake.

Ukiwa na lenzi hiyohiyo, angalia jinsi giza lilivyopatikana ndani ya picha. Katika jagi lako kila kivuli ni mistari: myembamba, minene, iliyokatizana. Hakuna nukta. Buluu ni nzito na ya namna moja, haina kufifia kwa taratibu kuelekea mbali. Baada ya mwaka 1800 wachongaji walizidi kuchanganya mistari na nukta, na kufikia miaka ya 1810 waliweza kukupa wingu, ukungu na mto unaopotea kwenye upeo wa macho. Kufikia wakati huo hata China ilikuwa inawachosha wanunuzi. Mchoro wa Spode uitwao Italian, wa mwaka 1816, una magofu na ng'ombe wa Italia katikati, lakini ukingoni umezungukwa na mapambo ya Mashariki ya Mbali, kama mgeni aliyeondoka akasahau kofia yake. Kwa hiyo mistari mitupu na utando wa lulu kwa pamoja ndivyo vilivyonipa tarehe niliyokutajia. Mstari wa kahawia uliopakwa kwa mkono kwenye ukingo wa mdomo, ambao katika jagi lako umelika kwa kutumika, nao ni mwigo wa ukingo wa vyombo vya Kichina na unakubaliana na wakati huo.

Usije ukachanganya na majagi yaliyopakwa kwa brashi. Kabla ya chapa kushika, wafinyanzi waliajiri wapaka rangi waliochora kijumba cha Kichina kwa mikupuo michache ya brashi, na mengi ya majagi hayo ni mazuri mno. Huko rangi ina mashimo na mafuriko, mkupuo unaanza mnene na kuishia mwembamba. Chapa haina pumzi ya namna hiyo. Vilevile kuna majagi ya malai yaliyochapwa kwa weusi juu ya utando, kazi ya Liverpool, ambako John Sadler na Guy Green waliapa mwaka 1756 kwamba walikuwa wamechapa zaidi ya vigae 1,200 katika saa sita. Hayo ukiyapitishia ukucha unaweza kuuhisi wino, na mara nyingi umekwanguka. Ni uwanja mwingine, wenye bei nyingine, hasa yale yenye merikebu na bendera za Marekani.

Kabla ya kuondoka kwenye jagi lako: tia mkono ndani. Ukisikia mawimbi ya vidole vya mfinyanzi yakizunguka kutoka chini kwenda juu, lilifinyangwa kwenye gurudumu. Linyanyue. Udongo wa lulu wa mapema ni mwepesi kuliko unavyotarajia, unakaribia kukushtua. Jagi la ukubwa huo likiwa zito kama jiwe, fikiria upya.

Kuhusu Willow. Mchoro ule uliokamilika una mambo yake yasiyobadilika: mti wa Willow ulioinama katikati, daraja lenye watu watatu, mashua, uzio unaokatiza mbele, na ndege wawili angani wakitazamana. Kwako watu darajani ni wawili na ndege hakuna. Mchoro wako ni wa jamii ambayo wakusanyaji huiita Two Temples, yaani mahekalu mawili, nao ulitumiwa na Spode na wengine wengi. Willow yenyewe ilitungwa Uingereza, na Spode alikuwa nayo kama mwaka 1790. Ile hadithi ya binti wa tajiri aliyetoroka na karani wa babake, wakafa na kugeuka njiwa, haikutoka China. Ilibuniwa Uingereza karne ya 19 ili kuelezea picha iliyokuwa tayari mezani, na mauzo yakanoga. Willow haijawahi kusimama kutengenezwa mpaka leo. Vyombo vya bibi wa mumeo vinaelekea kuwa vya karne ya 20, na mwombe avigeuze: neno England peke yake likionekana, ni kwa sababu ya sheria ya forodha ya Marekani iliyoanza kufanya kazi 1891 ikitaka nchi ya asili itajwe, Made in England kwa kawaida ni baadaye zaidi. Avitunze tu, ni vya bibi.

Umeona basi muhuri unavyoweza kusaidia kwa vyombo vya baadaye. Kwa vya mapema usiutegemee. Majagi mengi ya udongo wa lulu hayana muhuri kabisa, na mengine yana nambari au alama ndogo ya mfanyakazi ambayo wauzaji huigeuza kuwa jina la kiwanda maarufu. Mfano mzuri wa muhuri unaopoteza watu ni Mason. Charles James Mason alipata hataza mwaka 1813 ya udongo mgumu alioupa jina la Patent Ironstone China, na majagi yake yenye pembe nane na mshikio wa nyoka ndiyo yaliyo rahisi kuyapenda katika uwanja huu wote: mchoro wa Kichina umechapwa kwa mistari tu, kisha ukajazwa kwa mkono rangi nyekundu, buluu na kijani, na yalitengenezwa kwa saizi nyingi kuanzia la kuenea kiganjani hadi la kubebwa kwa mikono miwili. Mason alifilisika mwaka 1848. Lakini kalibu na michoro yake vilinunuliwa, vikapita kwa Francis Morley, kisha kwa akina Ashworth mwanzoni mwa miaka ya 1860, na maumbo yaleyale, pamoja na muhuri wenye taji, yakaendelea kutoka. Jagi la Mason lenye muhuri wa Mason linaweza kuwa la 1820 au la wakati wa vitukuu. Pima uzito, tazama upakaji wa rangi, tazama kulika kwa matumizi kitakoni: vumbi la miaka 200 linaingia kwenye mikwaruzo, halikai juu yake kama lililopakwa jana.

Na ukikuta jagi lenye muhuri mkubwa ulioandikwa Victoria Ware na nembo yenye simba, cheka kimoyomoyo uendelee kutembea. Hakukuwa na kiwanda cha kale cha jina hilo. Ni vitu vilivyotengenezwa miaka ya karibuni, vizito, buluu yake imevuja, na kitako kimetiwa rangi ya chai ili kionekane kimezeeka.

Sasa ufa wa mshikio, ambao ndio utaamua bei. Mshikio ulifinyangwa mbali na kubandikwa, kwa hiyo mara nyingine pana mpasuko uliotokea ndani ya tanuri, wenye utando wa kioo ulioingia ndani yake. Huo ni wa kuzaliwa nao, haukui. Ufa uliokuja baadaye una kingo kavu na mara nyingi umeingia uchafu wa kahawia. Gonga tumbo taratibu kwa ukucha. Udongo haulii kama kauri, usitegemee kengele, lakini jagi zima lina sauti fupi iliyo safi, na lenye ufa uliopenya linakohoa. Chukua pia tochi ya urujuanimno (UV), inauzwa bei ya soda chache, umulike mshikio wote gizani: gundi na rangi za ukarabati mara nyingi hung'aa tofauti na utando wa asili. Pasipo tochi, ligusishe shavuni. Kioo ni baridi, rangi ya ukarabati ina uvuguvugu.

Kuna ukarabati ninaoupenda, nao ni ule wa pini. Zamani mafundi walizunguka mitaani wakitoboa vitundu pande mbili za ufa na kuushona kwa vipande vya waya. Wauzaji wengi huvitoa ili chombo kionekane kizima. Uharibifu mtupu. Jagi lililoshonwa linakuambia kwamba kuna nyumba ilikohitajika sana hata mtu akalipa fundi badala ya kununua jipya, na bei yake huwa chini kwa sababu wanunuzi wa leo wanataka vitu visivyo na kovu. Mkusanyaji mwenye mfuko mdogo aingilie hapo.

Ukilinunua, usithubutu kulitia jiki. Jiki hupenya chini ya utando kupitia nyufa ndogondogo, na baadaye utando hubambuka kwa magamba. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini, basi. Wala usitie ndani yake juisi ya ukwaju au maziwa ya wageni: utando wa wakati ule una risasi, madini yaliyowadhuru waliochovya vyombo hivyo kwa mikono yao na ambayo hayana nafasi mezani kwako. Maua makavu yanafaa.

Umetaja zidaka za Lamu. Uhusiano upo, ila wa mbali. Mabakuli yaliyopachikwa katika makaburi ya minara pwani yetu, Mambrui kwa mfano, au Kunduchi, ni ya Kichina halisi, na vipande vinavyoonekana Gede na Fort Jesus vililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi zamani, kabla Staffordshire haijachapa kitu. Vyombo vya Ulaya vilivyochapwa vilifika pwani kwa wingi katika karne ya 19, na si vya Kiingereza pekee; mabakuli ya Maastricht, Uholanzi, yalipendwa sana. Kwa hiyo zidaka la nyanya yako linaweza kuwa na China, Uingereza na Uholanzi zimekaa bega kwa bega. Ukienda likizo vigeuze vyote, uvipige picha vitako. Usiviuze.

Pa kuanzia unapo karibu kuliko unavyodhani. Panda treni Derby ushuke Stoke, haina haja ya kubadili. Nenda kwanza Hanley, kwenye jumba la makumbusho la Potteries, ukakae mbele ya makabati ya udongo wa lulu mpaka jicho lizoee ile buluu ya kitakoni. Kisha nenda Burslem, kiwanda cha Middleport, ambako Burleigh bado wanachapa kwa karatasi ya shashi na wanawake bado wanakata na kusugua. Ukishamwona mtu akiibembeleza karatasi ile izunguke tumbo la jagi, hutahitaji mimi nikueleze mikunjo. Wapo pia Friends of Blue, chama cha wakusanyaji kilichoanzishwa 1973, wazee wakarimu ambao ukiwaonyesha picha watakupa jina la mchoro kabla hujamaliza sentensi.

Jiwekee mpaka. Ushauri wangu ni huu: majagi tu, buluu tu, ya kabla ya 1820, na usijali muhuri. Kila unaponunua, kitafute kitu ambacho jagi ulilonalo halina, umbo lingine la mshikio, mdomo mdogo uliochongoka kama wa shomoro, au jina na mwaka vilivyoandikwa chini ya mdomo. Haya ya mwisho yakija mnadani bei huruka, maana familia na wakusanyaji hugombania mwaka ulioandikwa. Na mnadani kumbuka ada ya mnunuzi, mara nyingi robo ya bei au zaidi, ambayo dalali haitaji anapogonga nyundo.

Kwa jagi hili la sasa, rudi Jumapili mapema, na tochi na lenzi. Fuata ufa kwa kidole kutoka mshikioni. Ufa ukiingia tumboni na kutokea ndani, paundi 85 ni nyingi, liache au mpe 30. Ukiishia kwenye mshikio, mpe paundi 60 taslimu, na umwombe aandike kwenye risiti kwamba ni jagi la udongo wa lulu la kati ya 1785 na 1810, lenye ufa mshikioni. Akikataa kuiacha ile 1790 yake, punguza tano.